Sura za Kumsomea Sila

Siku Anjelina alipoolewa, shangazi yake Loisi alimwita nyuma ya nyumba, kule kwao Kibakwe, akamshika mikono yote miwili na kumtaka aape. Hakumtaka aape kupika, wala kulima, wala kuamka mapema, kwa maana hayo Anjelina aliyaweza tangu utotoni. Alimtaka aape juu ya ulimi.

Ulimi wa Anjelina ulijulikana milima yote ile. Alikuwa bado msichana mdogo alipomwuliza mwinjilisti, mbele ya watu, kama mahubiri ya siku ile yalikuwa yale yale ya mwezi uliopita au yamefanana sura tu. Ndugu zake waliamini kwamba ataolewa na kurudishwa kabla ya mahindi ya msimu kukomaa.

"Mume hajibiwi," shangazi alimwambia. "Usimpandishie sauti, usimjibu, usimseme. Ukishindwa, mlango huu usije ukaugonga."

Anjelina aliapa, na kiapo chake alikitunza. Hilo hata wasiompenda wanakubali. Kwa miaka mingi aliyokaa Mkonze, karibu na mji wa Dodoma, na mumewe, Sila Matonya, hakumpandishia sauti, hakumjibu, hakumsema. Alimsomea.

Mambo yalianza hivi. Sila alikuwa dereva wa lori katika shirika moja la umma, mwanamume mpole, mcheshi, mwenye kipaji kikubwa cha kutoa maelezo. Kabla ndoa haijatimiza mwaka, alirudi nyumbani siku moja baada ya ile aliyotarajiwa. Akaeleza habari ya tairi lililopasuka porini, akaeleza na giza, akaeleza na fisi. Anjelina alimtazama vidole, akaona havina hata tone la grisi. Neno likamjia hadi kwenye meno. Akakumbuka kiapo, akalimeza, nalo likashuka kama mfupa wa samaki.

Asubuhi yake, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Kianglikana, ilisomwa sura moja kabla ya chai. Anjelina alifungua Biblia aliyopewa siku ya kipaimara, ikafunguka yenyewe kwenye Mithali, akaanza kusoma bila nia yoyote mbaya. Alipofika mahali panapozungumzia midomo ya uongo na jinsi Mungu asivyoipenda, aliona Sila ameacha kutafuna. Kiazi kilikuwa kimekaa shavuni, hakipandi wala hakishuki.

Anjelina akasoma mstari ule tena, polepole, kama mtu ambaye hakuuona vizuri mara ya kwanza. Kisha wakaomba, wakasema amina, na Sila akaondoka kwenda kazini bila kumaliza chai.

Tangu siku ile sura haikujifungua yenyewe tena. Ilichaguliwa.

Sila akichelewa kuamka, asubuhi inayofuata alisomewa habari za yule mdudu chungu, ambaye hana msimamizi wala bosi na bado anaweka akiba wakati wa mavuno. Mwaka jirani mmoja mwenye shamba la mizabibu alipomwita aonje divai yake, na Sila akaionja mpaka akasindikizwa nyumbani na watu wawili, alisomewa habari za Nuhu: jinsi alivyopanda shamba la mizabibu, na alivyokutwa hemani baadaye. Alipomwahidi mtu msaada kwa maneno matamu na asitimize, alisomewa juu ya mawingu yasiyo na mvua. Watu wa Dodoma wanayajua mawingu hayo kuliko mataifa mengine, kwa hiyo sura ile ilimwuma sana.

Ili asipoteze muda asubuhi, Anjelina aliweka njiti za kiberiti ndani ya Biblia. Palikuwa na njiti ya uvivu, njiti ya ulevi, njiti ya majivuno, na njiti tatu za uongo. Kanisani walimsifu. Mtu akitaka kujua neno fulani liko wapi, aliulizwa Anjelina, naye alifungua hapo hapo. Mwenyewe aliamini kwa moyo wote kwamba anaipenda Biblia, na alikuwa anaipenda kweli, kama mlinzi anavyopenda rungu lake.

Aliyefaidi zaidi ni jirani yao, Mwanahawa, mwanamke wa Kirangi kutoka Kolo, ambaye mumewe, Halfani, alikuwa akileta vitunguu na maharage mjini kutoka Kondoa. Kati ya nyumba zao palikuwa na ua wa miiba tu. Mwanahawa alikuwa Mwislamu safi, anayesali kwa wakati, lakini baada ya sala ya alfajiri alibeba kigoda chake mpaka kwenye ua na kuanza kuchambua maharage yake taratibu. Hakuwa na haja ya kumwuliza mtu Sila kafanya nini jana. Alisikiliza sura.

Siku moja, wakipepeta uwele pamoja, Mwanahawa alimwuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi: "Hivi, Mama Aneth, katika kitabu chenu hicho hakuna hata mahali pamoja panapokuhusu wewe?"

Anjelina alimwambia kwamba upepo umegeuka, wahamie upande wa pili. Mwanahawa akahama naye, na suala likaishia hapo. Lakini jioni ile uji wa Anjelina uliungua.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka ya watu binafsi yakafunguka, vitu ambavyo zamani vilitafutwa kwa foleni vikapangwa barabarani, na mashirika ya umma yakaanza kupumua kwa shida. Lile la Sila lilipunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikabidhi funguo za lori, akakaa nyumbani kwa muda akiitazama barabara, kisha akaingia katika biashara ya mitumba pale sokoni mjini.

Katika bunda mojawapo alikuta koti. Lilikuwa koti refu la kijivu, zito, lenye ukosi wa manyoya, la mtu wa nchi ambako maji hugeuka mawe. Wenzake walidhani ataliuza. Sila alilivaa. Alilivaa katika jua la Dodoma la mwezi wa kumi, jua ambalo mbuzi hulikimbia, akatembea nalo kutoka Mkonze mpaka sokoni jasho likimtiririka hadi kwenye soksi. Wachuuzi wakaanza kumwita Mkurugenzi. Yeye hakuwakataza. Kanisani akaacha kukaa benchi lake la zamani, akahamia la mbele.

Anjelina hakuhitaji njiti kwa hilo. Asubuhi ya Jumatatu alisoma pale Bwana anapoonya juu ya watu wanaopenda kutembea na mavazi marefu, na kuamkiwa masokoni, na kukaa viti vya mbele. Kila kitu kilikuwa pale: vazi, soko, na kiti. Ungedhani mwandishi alipitia Mkonze. Ng'ambo ya ua, Mwanahawa alikohoa, na maharage yakasikika yakimwagika.

Siku hiyo Sila alifika sokoni amevimba kwa hasira. Karibu na meza yake kulikuwa na mtu anayeuza vitabu vilivyotumika, na kati ya vitabu vile palikuwa na Biblia iliyokosa jalada. Sila akaichukua, akaificha chini ya bunda la sweta, akaanza kuisoma wateja wanapopungua. Nia yake haikuwa wokovu. Alikuwa anatafuta silaha.

Kwanza alipata taabu, maana hakuwa na mazoea. Alisoma kurasa nyingi bila kukuta mwanamke hata mmoja mwenye kasoro anayoitafuta. Wateja wakaanza kumwona kama mtu wa Mungu. Bibi mmoja alimwomba amwombee kiuno chake. Sila, kwa aibu, akamwombea, na bibi akarudi juma lililofuata akisema kiuno kina nafuu, akachukua na sweta. Lakini Sila aliendelea kusoma, na asiyechoka kutafuta hupata.

Asubuhi moja, Anjelina alipokuwa anapapasa njiti, Sila alisafisha koo. "Mama Aneth," akasema, "leo nisome mimi." Akatoa Biblia yake isiyo na jalada na kusoma juu ya mwanamke mgomvi, anayefananishwa na paa linalovuja siku ya mvua nyingi, tone baada ya tone.

Binti yao, Aneth, aliyekuwa darasa la sita, aliinama kwenye kikombe chake mabega yakimtikisika.

Anjelina hakujibu, kwa sababu ya kiapo. Alisubiri kesho yake, akamsomea habari za Nabali, yule tajiri mpumbavu ambaye mkewe ndiye aliyekuwa na akili nyumba nzima. Sila akarudi na mke wa Ayubu. Anjelina akamjia na Adamu, jinsi alivyoulizwa swali moja tu na papo hapo akamsukumia mkewe lawama. Sila akasoma mke wa Lutu. Anjelina akasoma punda wa Balaamu, na alipofika pale punda alipomwona malaika ambaye bwana wake hakumwona, alimwangalia mumewe kwa huruma. Vita ile ilidumu kiangazi chote kilichobaki. Hakuna aliyepaza sauti. Mtu akipita barabarani alidhani hii ndiyo nyumba takatifu kuliko zote Mkonze, na Mwanahawa hakuchelewa kwenye ua hata siku moja.

Sasa, nyumba ya Sila ilikuwa ya bati, aliyoijenga enzi za lori. Lakini kando yake bado lilisimama tembe la marehemu mama yake, nyumba ya Kigogo ya zamani, fupi, yenye paa bapa la udongo. Walilitumia kuwekea nafaka na kulaza kuku. Jumamosi moja asubuhi Sila alisoma ule mstari unaosema ni heri mtu akae katika pembe ya dari, juu ya paa, kuliko kukaa na mwanamke mgomvi katika nyumba kubwa. Alipomaliza hakusema amina. Alifunga kitabu, akavaa koti lake, akachukua mkeka na chupa ya chai, akaegemeza ngazi kwenye tembe na kupanda juu ya paa. Huko akatandika mkeka, akajilaza, akaanza kusoma kimya kama mtu aliyehamia.

Anjelina alimwacha mpaka adhuhuri. Kisha akaja, akaichukua ngazi bila neno, akaenda kuiegemeza kwenye mpapai ulio nyuma ya nyumba, ingawa mapapai yalikuwa bado mabichi.

Jua lilipoanza kuinama, hodi ikapigwa. Alikuwa Mchungaji Anthony, na nyuma yake Anastazia, katibu wa umoja wa wanawake wa kanisa, pamoja na mama mwingine wa kamati. Walikuwa wamepanga kuja siku nyingine, lakini Mchungaji alipata safari, ndipo wakaona waje leo. Umoja ulikuwa unatafuta mwenyekiti mpya. Jina la Anjelina ndilo lililotajwa na wengi, kwa jinsi anavyolijua Neno, na kamati ilitaka kuiona nyumba yake.

Saa ile kivuli kilikuwa upande mmoja tu, chini ya ukuta wa tembe. Anjelina angeweza kuwakaribisha ndani, lakini kabla hajafumbua mdomo Anastazia alikwisha kuvuta kigoda mpaka pale kivulini na kuketi. Wengine wakamfuata. Walikaa migongo ikigusa ukuta, na juu ya vichwa vyao, hatua chache, alikuwa amelala mwenye nyumba.

Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua ambayo haikuwapo. Kisha Mchungaji akauliza mzee yuko wapi.

Anjelina angesema kweli ingetosha. Lakini aliwaza sura yake itakavyokuwa akisema mume wangu yuko juu ya paa kwa sababu yangu, na ngazi iko kwenye mpapai kwa sababu yangu. Ulimi ule, uliofungwa miaka yote, ukateleza.

"Amesafiri, Mchungaji. Amekwenda Kibakwe kumwangalia mama yangu. Hajisikii vizuri."

Mchungaji alifurahi sana. Alisema wakwe wachache wana moyo kama huo. Anjelina, badala ya kukomea hapo, akaongeza kwamba Sila alibeba na sukari. Anastazia akaguna kwa kusifia. Anjelina akaongeza kitenge. Mama wa kamati akauliza siri ya amani yao ni nini, na Anjelina akasema hawana siri, wao wanasoma Neno pamoja kila asubuhi, na Neno lenyewe ndilo linalosema nao.

Hapo ndipo sauti ilipotoka juu. Ilikuwa sauti tulivu, ya kusoma, isiyo na haraka. Ilieleza habari za mtu mmoja, Anania, na mkewe Safira. Jinsi walivyokubaliana kusema uongo mbele ya mitume. Jinsi mume alivyoanguka akafa. Na jinsi mke alivyoingia baadaye bila kujua yaliyotokea, akaulizwa naye, na naye akadanganya.

Mama wa kamati alifunika uso kwa kanga. Anastazia alishuka kwenye kigoda akapiga magoti vumbini. Mchungaji Anthony, aliyekuwa ameihubiri sura ile mara nyingi katika maisha yake bila kuisikia ikitoka juu, aliinua macho polepole. Anjelina peke yake ndiye aliyetazama chini, akiomba ardhi immeze kama ilivyowameza watu wa Kora.

Nyuma ya ua wa miiba kukasikika mlio kama wa mtu anayesongwa na ugali. Alikuwa Mwanahawa. Alijitahidi, akajiziba mdomo kwa upindo wa mtandio, akashindwa. Akakaa chini na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko chake kikafika barabarani.

Ndipo ukosi wa manyoya ulipotokeza ukingoni mwa paa, na juu yake kichwa cha Sila. "Bwana asifiwe, Mchungaji," akasema. "Samahani, ningeshuka kuwasalimu, lakini sina ngazi."

Mchungaji alimtazama. "Kumbe Kibakwe si mbali kiasi kile," akasema. Kisha akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba kuitafuta ngazi.

Umwenyekiti alipewa Anastazia, ambaye baada ya siku ile hakuna mtu aliyemzidi kwa kumcha Mungu. Mchungaji hakumkaripia Anjelina wala Sila. Aliwaombea kwa maneno machache, akaagana nao, na waliomwona akiondoka wanasema alisimamisha baiskeli mara mbili njiani akaegemea usukani mpaka kicheko kilipompita.

Kesho yake Sila alitoka mapema, hakungoja sura. Aneth alikuwa ameshatangulia kanisani na wenzake kufanya mazoezi ya kwaya. Anjelina alibaki mezani peke yake, chai mbele yake, Biblia mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuwa na mtu wa kumsomea.

Hakujua afungue wapi. Alizoea kuanza na kosa, kisha kutafuta sura. Sasa alifungua kwenye Nuhu, akamkuta Sila. Akafungua kwa Nabali, akamkuta Sila. Alipekua Mithali, Sila alikuwa kila ukurasa, amelala, amelewa, anatoa maelezo. Alikuwa amemjaza mumewe Biblia nzima, na yeye mwenyewe hakujibakizia hata mstari wa kukaa. Akaanza kuzitoa zile njiti, moja moja, akaziweka mezani. Kitabu kikabaki kimelegea mkononi kama nguo iliyofumuliwa mshono.

Kikafunguka chenyewe katika Luka, kwa Martha na Mariamu. Anjelina aliijua habari ile. Aliwahi kuwafundisha wanawake juu yake. Lakini alikuwa hajamwangalia Martha vizuri. Asubuhi ile alimwona amesimama pale jikoni kwake, amechoka, amekasirika, na badala ya kuzungumza na ndugu yake, anakwenda kumwambia Bwana: mwambie huyu. Mwambie wewe.

Anjelina alicheka peke yake, kicheko kifupi, kama cha mtu aliyekanyaga mtego aliouweka mwenyewe. Kisha hakucheka tena. Alikaa pale mpaka chai ikaota utando, na kengele ya kanisa ikalia akaisikia kama inalia kijiji kingine.

Sila aliporudi mchana, alimkuta mlangoni. Anjelina aliketi chini kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akavunja kiapo cha shangazi Loisi.

"Baba Aneth," akasema, "jana nilidanganya. Na ile ngazi niliiondoa makusudi."

"Ya ngazi nilijua," Sila akasema. "Mapapai ni mabichi."

Anjelina alimwambia mengine pia. Alimwambia kwamba tangu Sila alipopunguzwa kazini amekuwa akiogopa, na kwamba akiliona lile koti anaona kama mumewe anajiandaa kuwa mtu mwingine, mtu mkubwa ambaye hatakuwa na haja ya mwanamke wa Kibakwe. Kwa nini hakusema? Kwa sababu aliapa kutomsema, na kwa sababu kusoma kulikuwa kutamu zaidi.

Sila aliketi kando yake. Alikuwa mtu wa maelezo, lakini safari hii yalikuwa machache. Alisema tu kwamba akivaa lile koti watu hucheka koti, hawaulizi lori liko wapi. Akasema pia kwamba kule sokoni, akitafuta mistari ya kumpiga nayo, alilazimika kupitia iliyo kabla na iliyo baada, na mingi ilimpiga yeye kwanza. Kuna siku alifunga kitabu akajifanya anapanga sweta kwa sababu macho yalimjaa maji.

"Mbona hukuniambia?"

"Tungekuwa tunapigana na nini?" akasema Sila, na hapo wote wawili wakacheka.

Wakakubaliana kuanza upya, kutoka Mwanzo, sura baada ya sura, kwa zamu, bila mtu kuchagua. Ilikatazwa kukohoa, kurudia mstari, na kumtazama mwenzio. Walipofika kwa Nuhu, ilikuwa zamu ya Anjelina. Alisoma haraka kama mtu anayevuka makaa, na alipomaliza alikuta Sila ameinama anahesabu vidole vya miguu yake. Aneth ndiye aliyesema amina.

Mwanahawa hakupendezwa na utaratibu mpya. Alilalamika ng'ambo ya ua kwamba siku hizi ni ukoo wa fulani alimzaa fulani, wala haelewi mtu kakosa nini. Akaanza kuja mwenyewe na kuuliza habari kwa mdomo, kama majirani wengine.

Walikuwa katikati ya kitabu cha Kutoka, kwenye vipimo vya ile hema ya ibada, habari zilipofika kwamba mama yake Anjelina amefariki Kibakwe. Safari hii Sila alikwenda kweli. Walifika, wakazika, watu wakalala msibani. Anjelina hakulia. Alipokea pole, akagawa maji, akaelekeza watu pa kukaa, macho makavu kama mto wa kiangazi. Ndugu zake wakaanza kunong'ona.

Asubuhi baada ya mazishi, Sila alifungua Biblia mbele ya wafiwa. Ilikuwa zamu yake, na sura ilikuwa ile inayofuata, basi akaisoma: mapazia, vitanzi vya ukingoni, vifungo, mapazia ya singa za mbuzi, mbao za mshita za kusimamisha. Shangazi Loisi, mzee sasa, alimwegemea Sila na kumwuliza kwa sauti ya chini kama hakuna kitu cha kufariji, habari za ufufuo au makao ya mbinguni.

"Mwache asome, shangazi," Anjelina akasema.

Marehemu alikuwa msukaji wa vikapu. Maisha yake yote alikaa barazani akifunga kitanzi juu ya kitanzi, na mtoto akimwuliza jambo alijibu, "Subiri, nisipotewe na hesabu." Sila alipokuwa akisoma, kitanzi cha pazia moja kikikabili kitanzi cha jingine, Anjelina aliviona vidole vile vyeusi vilivyopinda, na akaona kwamba Mungu naye amekaa barazani, hataki kupotewa na hesabu. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti iliyoshtua kuku, na Sila akaendelea kusoma mpaka mwisho wa sura, kwa sababu hilo ndilo walilokubaliana.

Waliporudi Mkonze waliendelea. Hesabu iliwachosha, Waamuzi ikawatisha, Zaburi ikawakalisha mezani mpaka chai ikapoa. Aneth alikwenda shule ya sekondari, akawa akirudi likizo anauliza wamefika wapi kabla ya kuuliza chakula. Mwaka wa nne ulikuwa umeanza walipofika kwenye Waraka kwa Waefeso, na sura ya tano ikaangukia zamu ya Sila.

Alipoona wake wanaambiwa wawatii waume zao, Sila alinyoosha mgongo. Sheria ilikataza kurudia na kukohoa, haikukataza kusoma vizuri. Akausoma mstari ule kwa sauti ya kipaza sauti cha mkutano wa hadhara, mpaka Mwanahawa akatokeza kichwa juu ya ua kuona kuna nini. Anjelina alikuwa ametulia kabisa, mikono mapajani, kama mtu anayejua njia mbele ina kona gani.

Sila akaendelea. Sasa waume nao wakaanza kuambiwa. Aliposoma kwamba mume ampende mkewe hata kujitoa kwa ajili yake, sauti ilishuka kidogo. Akageuza macho chini ya ukurasa aone sehemu ya waume inaishia wapi, akaona bado inaendelea. Akaomba maji ya kunywa.

Anjelina alimmiminia kikombe, akakisukuma mezani.

"Kunywa, Baba Aneth," akasema. "Kisha endelea. Zamu bado ni yako."